Kabalagala na Kastadi ya Nanasi kwa Meza ya Pasaka

Pasaka ya Uganda huja na mvua na wageni, na mafiga yote huwa yameshikwa na matooke na kuku. Vitamutamu hivi viwili havihitaji oveni, na vinatosha watu kama kumi.

Kabalagala, yaani chapati ndogo za ndizi na unga wa muhogo zinazokaangwa, huharibikia kwenye ndizi kabla hata hujagusa unga. Chukua ndizi sukari, zile fupi zenye ganda jembamba, zilizoiva mpaka ganda likatoka madoa meusi. Bogoya, ndizi ndefu za kula mbivu, ina maji mengi; gonja, ndizi za kuchoma au kukaanga, ni kavu; ziache. Menya 12 na uziponde kwa mkono mpaka usisikie bonge hata moja. Bonge likibaki, kabalagala hupasukia hapo hapo.

Chekecha vikombe 2 vya unga wa muhogo na chumvi kidogo. Msimu wa mvua unga hunyonya unyevu, kwa hiyo unuse kwanza: ukinuka uvundo, usiupike. Ongeza unga kwenye ndizi konzi kwa konzi huku ukikanda, na uache mara tu donge linapoacha kung'ang'ania vidole, hata kama unga haujaisha. Usitie maji hata tone. Donge la maji hunywa mafuta, na unga ukizidi utatafuna mpira. Sukari pia haitakiwi. Ya ndizi yatosha, na ukiongeza zitaungua nje kabla ya kuiva ndani.

Muhogo hauvutiki kama ngano. Usilisukume donge kwa nguvu. Libonyeze kwa kiganja juu ya meza iliyonyunyiziwa unga, libaki na unene wa nusu sentimita, kisha ukate kwa mdomo wa glasi. Kingo zikichanika, donge limekauka: ponda ndizi nusu uikandie ndani. Kaanga mara moja, maana donge likikaa hulegea.

Mafuta yawe ya kina cha vidole vitatu, moto wa wastani. Dondosha kipande kidogo: kikizama kisha kikapanda taratibu kwa mapovu, mafuta yako tayari. Kikirukia juu na kuwa cheusi papo hapo, punguza moto usubiri. Weka tano tano, dakika 2 hadi 3 kila upande, mpaka ziwe na rangi ya kahawia iliyokolea. Zikipoa kidogo huwa tamu zaidi.

Kastadi itengenezwe Jumamosi jioni. Kata nanasi moja, la Kayunga au Luweero likipatikana, vipande vidogo. Lichemshe na vijiko 3 vya sukari kwa dakika 10, kisha lipoe. Hatua hii usiiruke: nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na kufikia asubuhi kastadi itakuwa chungu na majimaji. Moto hukiua.

Koroga vijiko 4 vya mezani vya unga wa kastadi katika maziwa baridi kidogo, umimine kwenye lita moja ya maziwa yanayochemka yenye sukari vijiko 5, ukikoroga bila kupumzika mpaka iwe nzito. Panga biskuti kwenye bakuli, juu yake nanasi lililochujwa, kisha kastadi, rudia. Funika na uweke kwenye friji. Mbegu na maji ya matunda ya pasheni mawili hukamuliwa juu wakati wa kupakua tu.