Kuongoza matembezi ya ndege mlango wa Sabaki: somo kwa waongozaji wapya

Mto Sabaki unaingia baharini kaskazini ya mji wa Malindi, karibu na njia ya Mambrui. Heroe, buabua, shakwe na vitwitwi (ndege wadogo wa matopeni) wako pale, kwa tuktuk tu kutoka mjini. Matembezi yanayoharibika pale mara nyingi yameharibika tangu siku ilipochaguliwa, kwa sababu mtu alitazama kalenda ya likizo asitazame maji.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa maji. Maji yakipwa, vitwitwi hutawanyika matopeni kutafuta minyoo na kaa wadogo, na kwa mbali ni vidoadoa tu. Yakijaa, matope hufunikwa, ndege wakasogea hadi kwenye fungu la mchanga lililobaki kavu na kusimama pamoja. Hapo ndipo pa kuwaona.

Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Malindi hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni. Chukua ya jioni. Jua letu hutoka baharini, kwa hiyo asubuhi ukitazama upande wa maji kila ndege ni mweusi, hata rangi ya miguu huioni. Jioni jua liko mgongoni kwako. Anza saa nane na nusu. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, basi una siku tatu au nne tu kabla giza halijakuwahi. Maji mafu, yaani siku za nusu mwezi yasipojaa sana, hayasukumi ndege, usiwachoshe wageni. Saa kamili itazame kwenye jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa.

Hatua ya 2: Watu na vifaa. Watu 8 kwa mwongozaji mmoja, wasizidi. Kila mtu lita moja na nusu ya maji, kofia, na viatu vyenye kamba. Ndara hubaki matopeni. Teleskopu moja inatosha. Teremsha stendi chini, ining'inizie mfuko wa kilo mbili za mchanga, maana upepo wa kusi huitikisa picha yote. Mfupi wa kundi atazame kwanza, stendi ikiwa kwa kimo chake, warefu watainama.

Hatua ya 3: Rekebisha darubini kabla ya kuondoka. Anayesema "sioni kitu" mara nyingi ana darubini nzima isiyorekebishwa. Kunja mapipa mawili mpaka duara ziwe moja. Tafuta kibao chenye maandishi kwa mbali. Ziba kioo cha kulia kwa kiganja, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lisome. Kisha ziba cha kushoto, na sasa zungusha pete ya kulia peke yake. Mwenye miwani ashushe vikombe vya mpira. Asiye na miwani avipandishe. Darubini ya 8×42 (hukuza mara 8, kioo cha mbele milimita 42) inatosha: ya 10 hukuza zaidi, lakini hukuza na mtetemo wa mkono.

Hatua ya 4: Kusogea. Mwenyeji wa kijiji cha Sabaki awe mbele, kwa kuwa mafungu ya mchanga huhama kila mafuriko. Tembea kwa mshazari, usiwaelekee ndege moja kwa moja. Wakiinua shingo, wakiacha kula au wakianza kutembea wote upande mmoja, simama. Ukipiga hatua nyingine wataruka, na kila mruko unachoma mafuta wanayoyaweka kwa safari ya kurudi Siberia.

Hatua ya 5: Tazama mdomo kabla ya rangi. Mdomo mrefu uliopinda chini taratibu, na mgongo wa chini mweupe akiruka: kitwitwi ambaye jina lake la kisayansi ni *Calidris ferruginea*. Mdomo uliopinda juu na miguu ya manjano, akikimbia huku na huku: *Xenus cinereus*. Rangi ya manyoya itakudanganya. Wa kwanza ni kijivu Desemba, na Aprili amekuwa mwekundu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, yule ndege wa Madagaska huja lini?*
Aprili hadi Septemba, na Agosti ndiyo mwezi wa kumtegemea. Ni *Glareola ocularis*: kahawia, mstari mweupe chini ya jicho, tumbo lenye wekundu wa kutu. Hukaa mchangani kwa kundi, wote wakiuelekea upepo. Jioni huruka kukamata wadudu angani.

*Tunaweza kuvuka upande wa pili maji yakipwa?*
Hapana. Mto una viboko, na mkondo hubadilika kina.

*Kundi kubwa nalihesabu vipi, ndugu?*
Hesabu 10 mmoja mmoja, ukiangalia wanachukua upana gani. Kwa upana huo pima 50, kisha 100, halafu lipime kundi lote. Fanya mara mbili, ya pili uanzie mwisho wa kundi. Wakiwa wameruka, usikisie, ngoja watue.

*Yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, mla kaa, mbona simwoni Sabaki?*
Nenda Mida, upande wa Watamu, Oktoba hadi Aprili. *Dromas ardeola* anapenda matope ya hori yenye kaa wengi. Kule subiri maji yanayopwa, mikoko ikiwa nyuma yako: wakati huo ndio anashuka kula.