Mazoezi ya uuguzi Norwei: ya kuandaa kabla ya safari na ya kuzingatia ukifika wodini

Mwanafunzi wa uuguzi anayetoka Dar es Salaam, Unguja au Kisumu kwenda Norwei kwa mazoezi ya wodini hukwama zaidi sehemu mbili: kwenye karatasi za afya kabla hajaondoka, na kwenye mikono yake mwenyewe akishafika. Nyumbani amezoea wodi iliyojaa, ambako mwanafunzi wa mwaka wa tatu huchoma sindano na kutundika dripu huku sista yuko kitanda cha mbali. Kule atapewa muuguzi mmoja wa kumwongoza, wagonjwa wachache, na mambo kadhaa ambayo hataruhusiwa kuyagusa. Ukienda kwa hamu ya kuhesabu sindano, utarudi umenuna.

Anza na chanjo, tiketi baadaye

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ndiyo itakayokupangia kalenda. Ratiba ya kawaida ni dozi 3: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho unapima damu kuona kama kinga imefika angalau uniti 10 kwa lita. Jumla ni miezi 7 au 8. Aliyechelewa anaweza kuuliza ratiba ya haraka ya siku ya 0, 7 na 21, yenye dozi ya 4 mwezi wa 12, ila kwanza hospitali inayokupokea ikubali kwa maandishi. Cheti kionyeshe tarehe ya kila dozi. Neno "amechanjwa" peke yake halimsaidii mtu. Andaa pia ushahidi wa dozi 2 za surua.

Kifua kikuu kina mtego wake. Wengi wetu tulichanjwa BCG utotoni, na chanjo hiyo inaweza kufanya kipimo cha ngozi kivimbe hata kama huna maambukizi. Omba kipimo cha damu badala ya cha ngozi, pamoja na picha ya kifua. Kipimo cha damu kikitoka chanya, maana yake si kwamba unaumwa: huenda vimelea vimelala tu mwilini. Ni vizuri ulijue hilo ukiwa bado nyumbani, una muda wa kumwona daktari.

Kipimo kinachowashtua wengi ni cha MRSA, bakteria sugu anayekaa puani na kwenye ngozi bila kumsumbua aliyembeba. Norwei humpima mtu aliyefanya kazi au mazoezi hospitalini nje ya nchi za Nodiki (Norwei na jirani zake wa kaskazini mwa Ulaya) katika miezi 12 iliyopita, yaani wewe. Huchukua sampuli puani, kooni, sehemu ya msamba, na kwenye kidonda au ukurutu wowote. Majibu ya kuotesha bakteria maabara huchukua siku kadhaa, na kabla hayajatoka huingii wodini. Kwa hiyo fika wiki moja kabla ya siku ya kuanza. Aliyetua Jumapili akitarajia kuvaa sare Jumatatu hupoteza siku ambazo chuo chake kinazihesabu.

Viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya ambamo Norwei imo, inaruhusu siku 90 tu ndani ya siku 180, na ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Mazoezi yakizidi hapo, unahitaji kibali cha ukaazi. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000, lakini usiitegemee kwa kila jambo: uliza kwa maandishi nani atalipa ukichomwa na sindano iliyotumika, na nani atawajibika ukimdhuru mgonjwa.

Maneno machache yanayookoa

Wauguzi wengi wa Norwei wanajua Kiingereza. Bibi wa miaka 88 aliyevunjika nyonga huenda hajui, na akichanganyikiwa usiku atasema Kinorwei tu. Kariri angalau haya: "Jeg er student" (mimi ni mwanafunzi), "Har du vondt?" (una maumivu?), "kvalm" (kichefuchefu), "svimmel" (kizunguzungu), na lile muhimu kuliko yote, "Jeg skal hente sykepleieren" (nakwenda kumwita muuguzi).

Shikamoo haina mwenzake kule. Mgonjwa, profesa na daktari huitwa kwa jina la kwanza. Jambo gumu zaidi kwetu ni ukimya: ukinyamaza kwa heshima, mwongozaji atadhani umeelewa, au hupendezwi. Sema wazi, "Hili sijawahi kulifanya," au "Hili nimelifanya mara nyingi, ila kwa vifaa vingine."

Siku ya kwanza wodini

Kabla hujamgusa mgonjwa, waombe wakuonyeshe kengele ya dharura, toroli ya kufufulia, mlango wa moto na namba ya dharura ya ndani ya hospitali. Vua saa, pete na bangili. Mikono iwe wazi hadi kiwiko, kucha fupi bila rangi. Sare hufuliwa hospitalini, haiendi nyumbani. Anayevaa hijabu aulize mapema utaratibu wa wodi.

Dawa ya kutakasa mikono isuguliwe sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke. Glovu si sare: huvaliwa unapotarajia damu au majimaji ya mwili, kisha huvuliwa palepale. Kutembea nazo kitanda hadi kitanda ni kosa ambalo mwongozaji huliona haraka.

Kunyanyua mgonjwa kwa nguvu za mgongo hakuna. Kuna mashine, kuna mashuka ya kutelezesha, na unafundishwa kwanza. Kanula nyingi (mirija midogo ya kuingiza mshipani) zina kinga ya sindano inayojifunga. Zijaribu kwenye mkono wa plastiki kabla hujaenda kwa mtu. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, toa taarifa papo hapo. Dawa za kuzuia VVU, ikiamuliwa unazihitaji, zianze mapema kadiri inavyowezekana na zisivuke saa 72.

Sasa namba. Hospitali hizo hutumia NEWS2, yaani alama za kuonya mapema kwamba mgonjwa anazidiwa, na hapa ndipo pa kujifunzia kwa bidii, kwa sababu ujuzi huu unaweza kurudi nao kwenye wodi yoyote. Vitu 7 hupewa alama: upumuaji, oksijeni ya damu, kama mgonjwa anapewa oksijeni, namba ya juu ya presha, mapigo, ufahamu na joto. Chukua mgonjwa aliye macho (0): anapumua mara 22 (alama 2), oksijeni asilimia 95 (1) akiwa anapewa oksijeni (2), mapigo 112 (2), presha 118 (0), joto 38.4 (1). Presha nzuri, anaongea, lakini jumla ni 8, na kuanzia 7 ni dharura. Upumuaji uhesabu dakika nzima. Wanaokisia "18" kila kitanda hufanya hesabu yote iwe bure.

Kwenye kuandika, jihadhari na saa. Sisi husema saa saba mchana. Wao huandika 13.00. Ukitafsiri kichwani ukiwa umechoka, utaandika 07.00, na dawa ya maumivu itaonekana imetolewa mapema kwa muda wa saa sita. Desimali huandikwa kwa mkato: 0,5. Dozi yoyote uliyoikokotoa ihakikiwe na muuguzi kabla ya kutolewa.

Usipige picha wodini, hata ya dirisha. Faili la kompyuta lifungue la mgonjwa wako tu. Mfumo unahifadhi jina la kila aliyefungua.

Saini

Kitabu cha mazoezi kisainiwe kila wiki. Waongozaji hubadilisha zamu, na yule uliyefanya naye kazi siku 10 anaweza kuwa likizo wiki yako ya mwisho. Kabla ya safari, uliza chuo chako na baraza la uuguzi la nchi yako kama saa hizo zitahesabiwa na zinatakiwa kwa fomu gani. Wakidai mhuri, waandikie Norwei mapema: hospitali nyingi huko hazina desturi ya kugonga mhuri kila karatasi. Barua yenye nembo ya hospitali, idadi ya saa, wodi, na jina la muuguzi pamoja na namba yake ya usajili ndiyo ya kuomba, nakala mbili.