Msahafu, Gita, Torati na Biblia mezani: namna ya kuandaa kiapo cha loji yenye wanachama wa dini mbalimbali

Kumwekea Mhindu Biblia chini ya kiganja kisha kumwambia aape ni kumwapisha kwa kitabu cha mtu mwingine. Atayatamka maneno yote sawasawa, lakini dhamira yake haitakuwa imefungwa na chochote. Ndiyo maana Loji Kuu ya Muungano ya Uingereza, chombo kinachosimamia loji (matawi) za chama cha udugu cha Freemason, katika kanuni za msingi ilizozitoa mwaka 1929, ilieleza kwamba Kitabu cha Sheria Takatifu ni ufunuo kutoka juu unaoifunga dhamira ya yule anayeingizwa. Kipimo ni imani ya anayeapa, hata kama Mkuu wa loji na wanachama wote waliobaki ni wa dini nyingine. Yanayofuata yameandikwa kwa ajili ya loji za Freemason zinazoshika utaratibu huo. Vyama vingine vya udugu vinavyoapisha mbele ya kitabu vitakuta mengi yanavihusu pia.

Kukipata kitabu chenyewe ni kazi ya siku moja. Mambo huharibikia kwingine: nini kimewekwa juu yake, nani amekishika, kimefunguliwa upande gani, na kimeachwa wapi watu walipokwenda kula.

Uliza wiki sita kabla

Katibu amuulize mwombaji kwa maandishi, wala asikisie kwa kuangalia jina. Mwenye jina la Kiarabu anaweza kuwa Mkristo. Wahindu nao wana maandiko mengi: mmoja atataka Bhagavad Gita, mwingine Ramayana, mwingine Veda. Maswali manne yanatosha:

1. Unataka kitabu gani, cha lugha gani, na je, utaleta chako?
2. Nani anaruhusiwa kukigusa, na kwa masharti gani?
3. Kitu chochote kinaweza kuwekwa juu yake?
4. Je, unaapa, au imani yako inataka uthibitishe bila kuapa?

Swali la nne ndilo linalosahaulika, na ndilo linalohitaji muda mrefu kuliko yote. Wakristo wa dhehebu la Marafiki (Quakers) hawaapi kabisa, kwa msingi wa Mathayo 5:34–37. Wayahudi wengi washika dini hukwepa kiapo hata mahakamani, wakachagua kuthibitisha. Muislamu anaweza kukueleza kwamba haapi kwa kitabu bali kwa Mwenyezi Mungu, msahafu ukiwa mbele yake, na atataka maneno yaseme hivyo. Neno lolote la kiapo linapoguswa, idhini hutoka Loji Kuu, si kwa Mkuu wa loji, na barua za Loji Kuu hazijibiwi kesho yake. Hizo wiki sita ni kwa ajili ya barua hiyo.

Kuna jambo moja ambalo kitabu hakiwezi kulitatua. Kanisa Katoliki limewakataza waumini wake kujiunga tangu mwaka 1738, na tamko la 1983 limesisitiza katazo hilo. Wanazuoni wengi wa Kiislamu nao wana msimamo kama huo. Mwombaji ambaye dini yake inakataza aambiwe ukweli huo waziwazi kabla hajalipa ada, aamue mwenyewe.

Pima meza

Kitabu cha loji chenyewe hakiondolewi. Hubaki wazi muda wote loji ikiwa kazini, na cha mwombaji kinaongezwa. Basi hesabu upana. Biblia ya ukubwa wa A4 ikifunguliwa inachukua sentimita 42 kwa 30. Msahafu wa A5 ukifunguliwa unachukua 30 kwa 21. Weka nafasi ya sentimita 5 katikati, tayari umefika 77, na bado hujaweka kinara wala nyundo ya Mkuu. Meza yenye upana wa sentimita 60 haitoshi, na hapo ndipo mtu huanza kupandanisha vitabu. Usipandanishe. Kitabu cha chini kimedharauliwa, na ukibadilisha mpangilio umehamishia dharau kwa cha pili.

Njia nzuri ni stuli au meza ndogo ya kimo kilekile, yenye kitambaa safi, iliyosogezwa mbele ya meza kubwa mahali ambapo mkono wa anayepiga goti utafika bila kunyoosha bega. Kama anasimama wakati wa kuapa, kimo kiongezwe hadi kiunoni. Kwa msahafu tumia marufaa (kibao cha kuwekea msahafu): yanainua kitabu, yanazuia kurasa kujifunga, na huhitaji kumwelezea mtu chochote. Hakikisha marufaa hayatelezi juu ya kitambaa cha hariri. Kipande cha mpira mwembamba chini yake kinatosha.

Loji zenye wanachama wengi wa dini tofauti hazisubiri mwombaji. Loji Kuu ya India, iliyoundwa mwaka 1961, inavitambua vitabu vitano: Gita, Kurani, Biblia, maandiko ya Masingasinga na Avesta (maandiko ya Wazoroastria). Katika Loji Kuu ya Israeli, Tanakh (maandiko matakatifu ya Kiyahudi), Biblia ya Kikristo na Kurani hufunguliwa pamoja. Ukifuata mtindo huo, viweke kwenye mstari mmoja na kimo kimoja, na kubalianeni mapema juu ya mpangilio (alfabeti ya majina, kwa mfano) ili asitokee mtu kuuliza kwa nini chake kiko mwisho.

Skwea na bikari

Hapa ndipo panapohitaji akili kuliko penginepo. Nuru Kuu Tatu, yaani alama tatu kuu za Freemason, ni Kitabu, skwea (kipimio cha pembe mraba) na bikari, na mazoea ni vyombo hivyo viwili kulazwa juu ya kurasa zilizo wazi. Kwa Wakristo wengi hilo si tatizo. Kwa Muislamu, kuweka chuma juu ya msahafu ni utovu wa adabu, na wapo Wayahudi na Masingasinga watakaosema vivyo hivyo kuhusu vitabu vyao.

Mpangilio usio na lawama ni huu: skwea na bikari vibaki juu ya kitabu cha loji, vikiwa katika mkao unaotakiwa na daraja (ngazi ya uanachama) inayofanyika, kitabu cha mwombaji kilazwe pembeni kikiwa kitupu, na mkono wake uguse hicho. Sherehe haijapungukiwa kitu. Pale ambapo msahafu ndio kitabu cha loji, vyombo vilazwe mbele yake juu ya mto, lakini Loji Kuu iwe imeridhia mpangilio huo kwanza. Kufunika kurasa kwa leso kisha kuweka bikari juu ya leso kunapendekezwa mara kwa mara. Kunamridhisha aliyelipendekeza zaidi ya mwenye kitabu.

Kila kitabu na adabu zake

Msahafu. Waislamu walio wengi hawaugusi bila udhu, kwa hiyo mwombaji apewe nafasi na maji ya kutawadha kabla ya kuandaliwa, tena karibu na chumba chenyewe. Anayeuleta mezani awe Muislamu mwenye udhu. Akikosekana, mwombaji mwenyewe aulaze kabla loji haijafunguliwa. Tafsiri iliyochapwa bila Kiarabu huchukuliwa kwa wepesi zaidi, lakini usiitumie kukwepa usumbufu: kwa wengi si msahafu, na kiapo kitakuwa na kasoro ileile tuliyoanza nayo.

Tanakh. Usimwambie Myahudi kwamba "Agano la Kale limo humu humu" ukamsogezea Biblia ya Kikristo. Mpe Tanakh, au Chumash yenye vitabu vitano vya Musa. Hati-kunjo ya Torati isiombwe kabisa. Hiyo ni ya sinagogi. Awe na kofia yake kichwani, na Mkuu aruhusu hilo waziwazi hata kama wengine wote wako vichwa wazi. Kama loji yenu hufungua mahali maalumu, angalieni mpangilio: Ruthu hakifuati Waamuzi katika Tanakh, kimo katika sehemu ya tatu, ile ya Maandiko.

Masingasinga. Guru Granth Sahib, yenye kurasa 1,430, ni Guru aliye hai tangu mwaka 1708. Hubebwa kichwani, hukaa juu ya kitanda chake chini ya dari ya kitambaa, na waliomo chumbani huvua viatu na kufunika vichwa. Loji haiwezi kuyatimiza hayo, basi isijaribu. Kinachotumika ni gutka, kitabu kidogo cha sala, ambacho nacho hufungwa kwa kitambaa safi na hushikwa kwa mikono iliyonawiwa. Kuna jambo jingine lisilohusu kitabu lakini litakalotokea siku hiyohiyo: mwombaji huvuliwa vitu vya chuma kabla ya kuingia, na bangili ya chuma ya Singasinga, kara, si pambo, ni sehemu ya imani yake, kama ilivyo kirpan, kisu chake cha kidini. Mlinzi wa mlango aambiwe mapema kilichoamuliwa, asije akaanza kuivuta mkononi mlangoni.

Gita. Ina sura 18 na aya 700, hupatikana kwa ukubwa wowote, na huwekwa juu ya kitambaa, kamwe si sakafuni. Angalia ngozi. Jalada la ngozi ya ng'ombe linaweza kumkera Mhindu, na aproni ya ngozi ya mwanakondoo inayovaliwa lojini inaweza kumshinda Mjaini (mfuasi wa dini ya Kijaini, inayokataza kudhuru viumbe) kuivaa. Ya kitambaa cheupe ishonwe mapema, baada ya kuuliza kama Loji Kuu inakubali.

Avesta. Waparsi (Wazoroastria wa India wenye asili ya Uajemi) hutumia Khordeh Avesta, kitabu cha sala za kila siku. Hawapulizi moto, kwa kuwa moto ni mtakatifu na pumzi huuchafua. Mishumaa ya loji izimwe kwa kizimio siku hiyo, na kusema kweli siku zote.

Kwa Wabudha wapo wanaochagua Dhammapada, yenye aya 423. Swali la imani katika Mungu Mkuu, ambalo Loji Kuu nyingi zinalishikilia kama sharti, lijibiwe kwenye fomu, lisisubiri meza.

Usitafute aya zinazofanana

Loji nyingi za Marekani hufungua Zaburi 133 katika daraja la kwanza, Amosi 7 katika la pili, Mhubiri 12 katika la tatu. Mtu mwenye bidii ataanza kusaka "Zaburi 133 ya Kurani". Aachwe aende kulala. Mwenye kitabu achague ukurasa, aweke utepe, basi. Na hakuna haja ya kuusoma kwa sauti: maandiko ya dini moja yakisomwa na kufafanuliwa kwa waumini wa nyingine, mmeingia kwenye mjadala wa dini, jambo ambalo loji zimelikataza tangu Katiba ya Freemason ya mwaka 1723. Sala za loji ziangaliwe pia. Sala inayoishia "katika jina la Yesu" inabomoa kazi yote mliyoifanya mezani. Mwombeni Mjenzi Mkuu wa Ulimwengu, jina la Mungu ambalo loji hulitumia kwa wote.

Mazoezi na siku yenyewe

Fanyeni zoezi moja kamili na kitabu kilekile, au cha ukubwa uleule. Makosa yanayojitokeza ni yaleyale. Anayefungua amezoea mgongo wa kitabu kuwa kushoto, kwa hiyo msahafu au Tanakh ya Kiebrania anaugeuza juu chini bila kujua. Dawa ni utepe unaoning'inia ukingo wa chini, na maelekezo: mgongo kulia. Maandishi yaelekee anayeapa. Aliyeshika kitabu amevaa glavu zilizoshika kila kitasa tangu saa moja iliyopita. Azibadilishe, au anawe mikono akishike bila glavu. Anayeapa yeye hugusa kwa mkono mtupu.

Zingatia kwamba katika daraja la kwanza anaapa akiwa amefungwa macho. Hawezi kujua kilichopo chini ya kiganja chake. Kwa hiyo mwonyeshe kitabu kabla hajafungwa, akihakikishe mwenyewe, na wakati wa kiapo Mkuu au msaidizi amtamkie wazi: "Mkono wako uko juu ya msahafu ulioutaka." Kitambaa kikiondolewa, vitu vya kwanza atakavyoonyeshwa ni hizo Nuru Tatu. Kama kitabu chake kimesukumwa ukingoni au kimejifunga, atakiona hivyo, na hatasahau.

Baada ya kiapo, kitabu kifungwe na mtu yuleyule aliyekifungua, kifunikwe, kihifadhiwe mahali pa juu. Kisipelekwe chumba cha chakula, hasa kama kuna pombe au tumbaku. Katibu aandike kwenye daftari jina la kitabu, lugha, na mpangilio uliotumika, kwa sababu mtu huyo ataapa tena katika daraja la pili na la tatu, na siku akitawazwa kuwa Mkuu. Ni aibu kumuuliza upya kila mara, na aibu zaidi kumletea kingine.

Loji nyingi humzawadia mwanachama mpya kitabu kilichosainiwa na waliohudhuria. Msisaini ndani ya msahafu wala gutka. Sahihi ziwe kwenye kadi ya kuambatanisha. Vitabu vinavyobaki loji viwe kabatini, kila kimoja na kitambaa chake, rafu isiwe chini ya kiuno. Kikichakaa kisitupwe wala kuuzwa na karatasi kuukuu: msahafu upelekwe msikitini, gutka gurdwara (hekalu la Masingasinga), na Tanakh sinagogi, ambako hukusanywa ili ikazikwe makaburini.