Somo: Namna ya kulinganisha maeneokazi ya Linux kwenye mashine yako (GNOME, Plasma, Xfce na wenzake)

Wakuu, salaam. Tangu Microsoft isitishe msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye laptopu za mtumba wengi wanaiangalia Linux, mfumo endeshi huria, kwa jicho jipya. Wakifika tu wanakutana na swali ambalo Windows haikuwahi kuwauliza: unataka eneokazi gani? Wakiuliza wenzao, wanachopewa ni ushabiki wa Simba na Yanga. Hapa nitaonyesha namna ya kuweka maeneokazi mawili matatu kwenye mashine moja, kuyapima kwa kazi zako, kisha uamue mwenyewe. Mimi nina upande wangu, utauona njiani.

Tunalinganisha nini hasa

Eneokazi ni kila unachokiona ukishaingiza nenosiri: mwambaa wenye saa, menyu, madirisha na vitufe vyake, programu ya kufungulia mafaili, mipangilio ya sauti na Wi-Fi. Chini yake Linux ni ile ile, na LibreOffice na Firefox zako ni zile zile. Ukibadili eneokazi hupotezi faili hata moja.

Kwa nini yapo mengi? KDE, ambayo eneokazi lake leo linaitwa Plasma, ilianzishwa mwaka 1996 na Matthias Ettrich, wakati huo mwanafunzi huko Tübingen, Ujerumani. Ilijengwa juu ya Qt, zana za kutengenezea madirisha na vitufe, ambayo leseni yake siku hizo haikuwa huria kamili, na hilo likawakera watu. Mwaka 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena wa Mexico wakaanzisha GNOME kama jibu. Xfce ya Olivier Fourdan nayo ni ya 1996. Kisha mwaka 2011 GNOME 3 ikaondoa menyu na mwambaa uliozoeleka, ugomvi ukawa mkubwa: kuna waliochukua msimbo wa GNOME 2 wakauendeleza kwa jina la MATE, na watu wa Linux Mint wakatengeneza Cinnamon. Ndiyo maana hizo mbili zinamkaa vizuri mtu aliyetoka Windows 7. Zilizaliwa na watu waliokataa kubadilishiwa.

Hatua ya 1: Andaa mashine

Natumia Debian 13, mojawapo ya matoleo ya Linux, iliyotoka Agosti 2025, kwa sababu maeneokazi yote makubwa yamo kwenye hazina yake, yaani ghala lake la programu. Anza na Xfce kama msingi, na uwe na nafasi ya kutosha kwenye diski. GB 20 zilizo wazi hazitakusumbua. Nakili mafaili muhimu kwenye flashi kwanza.

Hatua ya 2: Sakinisha

Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri (sudo mbele ya amri ni kuomba ruhusa ya msimamizi):

sudo apt update
sudo apt install task-kde-desktop

Majina mengine ni task-gnome-desktop, task-lxqt-desktop, task-mate-desktop na task-cinnamon-desktop. Kabla ya kukubali, soma mstari unaosema itapakua MB ngapi. Wenye bando la kupimiana mmenielewa.

Katikati ya usakinishaji utaulizwa uchague programu ya kuingilia, ile inayokuomba nenosiri: lightdm, sddm au gdm3. Yoyote itafungua eneokazi lolote, ila kama GNOME imo kwenye majaribio yako chagua gdm3, kwa sababu kufunga skrini kwa GNOME kunaitegemea hiyo. Ukibadili mawazo baadaye:

sudo dpkg-reconfigure gdm3

Hatua ya 3: Kila eneokazi na mtumiaji wake

Hatua hii wengi wanairuka, halafu wanalalamika kwamba Linux imewavurugia ikoni. Maeneokazi yanaandika mipangilio yao kwenye folda yako ya nyumbani, na mengine yanagusa mambo yale yale: rangi, kishale, programu ya kufungulia picha. Tengeneza watumiaji wa majaribio:

sudo adduser pimakde
sudo adduser pimaxfce

Ukimaliza unawafuta, na akaunti yako inabaki safi.

Hatua ya 4: Ingia

Kwenye skrini ya nenosiri tafuta kialama kidogo pembeni. Kwa gdm3 ni gurudumu lenye meno, chini kulia, na linaonekana baada ya kubofya jina lako. Chagua eneokazi, ingia, kisha hakikisha uko unakodhani uko:

echo $XDG_CURRENT_DESKTOP

Hatua ya 5: Pima

Zima na uwashe mashine kila unapohama eneokazi. Kutoka na kuingia tu hakutoshi, maana mabaki ya mtumiaji aliyetoka huweza kubaki kwenye RAM. Ukishaingia, subiri dakika chache mambo yatulie, fungua terminali peke yake, uandike:

free -h

Watu wanakimbilia safu ya free, wanaona namba ndogo, wanashtuka. Angalia safu ya available. Linux hutumia RAM isiyo na kazi kuhifadhi mafaili iliyoyasoma karibuni, na huiachia programu zikiihitaji. Andika namba hiyo.

Sasa fungua kivinjari na kurasa zako za kila siku: barua pepe, WhatsApp ya kwenye kivinjari, YouTube moja. Rudia amri ile ile. Tofauti kati ya Xfce na Plasma, iliyokusumbua kabla ya kufungua kivinjari, mara nyingi itaonekana ndogo mbele ya kile ambacho kivinjari kimemeza. Kwa mashine ya GB 8 kwenda juu, sioni sababu ya kuchagua eneokazi kwa RAM. Kwa GB 4 ni jambo la kuangalia. Chini ya hapo ndipo LXQt na Xfce zinapostahili sifa zao.

Kama diski yako ni ile ya kuzunguka na si SSD, utaona kila eneokazi linasuasua mwanzoni. Hapo mlaumu diski.

Hatua ya 6: Fanya kazi halisi

Fanya kazi zako za kila siku humo kwa siku kadhaa. Chomeka projekta. Chapisha ukurasa. Shirikisha intaneti ya simu kwa waya. Funika laptopu kisha uifunue. Ongeza ukubwa wa maandishi kama skrini yako ni ndogo yenye picha kali. Eneokazi linalokushinda kwenye mambo haya halina faida, hata likiwa jepesi kama nini.

Maoni yangu

Plasma ndiyo ninayoipenda. Toleo la 6 lilitoka Februari 2024, na KDE Connect yake inaunganisha simu na laptopu kwa Wi-Fi: unatuma picha, unaona ujumbe, bila waya. Tatizo lake ni wingi wa mipangilio. Mtu asiye na subira atapotea humo.

GNOME ni safi na inataka uizoee inavyotaka yenyewe: unabonyeza kitufe cha Super (chenye nembo ya Windows), unaandika jina la programu, unaingia. Ukianza kuijaza viongezi, yaani programu ndogo za kuibadili, ili ifanane na Windows, tafuta kitu kingine. Matoleo mapya hutoka kila miezi sita, na viongezi huvunjika.

Xfce haibadiliki haraka, na kwa ofisi hiyo ni sifa. Ila bado ipo zaidi upande wa X11, mfumo wa zamani wa kuchora madirisha kwenye skrini. Wayland, mrithi wake, kwa Xfce ni ya majaribio tangu toleo la 4.20.

Cinnamon na MATE: mpe mzazi au mhudumu wa stationery, hatakupigia simu sana.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mashine yangu ina RAM ya GB 2. Nina matumaini?*

Yapo, na LXQt. Kwanza andika lscpu uangalie kama prosesa ni ya biti 64, maana Debian 13 haina tena kisakinishi cha biti 32. Kisha sakinisha zram-tools, inayobana data ndani ya RAM yenyewe. Ukipata fedha, ongeza RAM kabla ya kuhangaika na kitu kingine.

*Bando langu ni dogo, nyumbani siwezi kupakua yote hayo.*

Nenda na laptopu penye Wi-Fi, uandike sudo apt install --download-only task-lxqt-desktop. Vifurushi vitakaa kwenye diski. Nyumbani rudia amri bila hicho kipande cha katikati, na usifanye apt update katikati ya safari.

*GNOME haina kitufe cha kushusha dirisha, au mimi sikioni?*

Hakipo. Tumia Super na H, au sakinisha GNOME Tweaks ukirudishe.

*Baada ya kuweka KDE, menyu ya Xfce ina kila kitu mara mbili. Naiondoaje KDE?*

Hakikisha kwanza lightdm ndiyo inayokupokea, kwa dpkg-reconfigure. Kisha sudo apt purge task-kde-desktop kde-standard plasma-desktop, halafu sudo apt autoremove --purge. Soma orodha kabla ya kukubali. Ukiona network-manager inataka kuondoka, kataa.

*Kwangu Plasma inakorofisha diski siku nzima.*

Huenda ni Baloo, inayoorodhesha mafaili yako ili utafutaji uwe wa haraka. Andika balooctl6 status. Ikiwa ndiyo, iache imalize mara moja, au izime kwa balooctl6 disable.

*Dukani tuna kompyuta moja, sisi ni watatu na kila mmoja anataka lake.*

Yawekeni yote, kila mtu na akaunti yake. Lightdm na gdm3 hukumbuka kila mtumiaji alichagua nini mara ya mwisho, kwa hiyo mtachagua siku ya kwanza tu. Ila mkubaliane mmoja wenu ndiye mwenye sudo.