Kabla ya Kununua Vitabu vya Zamani vya Kumsomeshea Mtoto Nyumbani

Mzazi aliyeamua kumsomesha mtoto nyumbani hapa Uganda asikimbilie kununua vitabu kabla hajajua mtoto huyo atafanyia wapi PLE, yaani mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Usajili wa mtihani huo hupitia shule zilizo vituo vya UNEB, baraza la mitihani la taifa, kwa hiyo inafaa kuzungumza na mwalimu mkuu wa shule ya jirani mapema, mtoto angali P.6 (darasa la sita la msingi) au hata kabla, na kuuliza masharti yake waziwazi: ada, majaribio ambayo mtoto atatakiwa kuyafanya pamoja na wenzake, na tarehe za mwisho. Majibu hayo ndiyo yatakayoonyesha ni vitabu gani vinahitajika na ni vipi vya kuachwa.

Baada ya hapo itafutwe silabasi ya darasa husika, ile inayotolewa na NCDC, kituo cha taifa cha kukuza mitaala, kwa maana kitabu cha zamani hakiwezi kupimwa bila kipimo. Mwenye silabasi mkononi hulinganisha mada na yaliyomo ya kitabu kwa dakika chache. Asiye nayo hununua vitabu vitatu vinavyorudia jambo lilelile na kukosa kile kinachohitajika. Kwa P.1 hadi P.3 akumbuke kwamba tangu mwaka 2007 mtaala umepangwa kwa mada na mtoto hufundishwa kwa lugha ya eneo lake, hivyo vitabu vya zamani vya madarasa hayo vilivyogawanywa kwa masomo havitafuata mpangilio huo, ingawa hadithi zake zinaweza kusomwa vizuri tu.

Masomo hayazeeki kwa kasi moja. Hisabati ndiyo salama kuliko yote, kwani sehemu na asilimia hazibadiliki, na bei za kizamani zilizomo katika maswali humchekesha mtoto bila kumpotosha. Sarufi ya Kiingereza nayo inadumu. Maarifa ya Jamii ndiyo yenye mitego mingi, na hapa sioni sababu ya kubana matumizi. P.4 mtoto husoma kuhusu wilaya yake, P.5 kuhusu Uganda, P.6 kuhusu Afrika Mashariki na P.7 kuhusu Afrika, na katika kila ngazi kuna jambo ambalo kitabu cha zamani hukosea. Wilaya zimegawanywa mara nyingi kiasi kwamba ile anayoishi mtoto huenda haimo kabisa kwenye ramani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza upya mwaka 2000 ikiwa na nchi tatu. Rwanda na Burundi zikaingia 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022 na Somalia 2024, kwa hiyo kitabu kinachotaja nchi tano kinamfundisha mtoto jibu litakalomkosesha alama. Ramani ya Afrika inayoonyesha Sudan moja ilichorwa kabla ya Julai 2011. Hata hivyo, sura za milima, maziwa, mito na falme za kale hubaki na manufaa, na mara nyingine maelezo yake ni marefu na mazuri kuliko ya vitabu vipya, ambavyo vingi vimekuwa orodha za maswali na majibu.

Sayansi iko katikati. Mimea, wadudu na viungo vya mwili havina shida, lakini sura ya chanjo isomwe kwa uangalifu: matoleo ya zamani hutaja magonjwa sita ya utotoni, ilhali ratiba ya sasa ina chanjo zaidi, zikiwemo ya virusi vya rota vinavyoleta kuhara na ile ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, wanayopewa wasichana. Ratiba mpya hupatikana kwenye kituo chochote cha afya, nayo inaweza kubandikwa juu ya ukurasa wa zamani.

Kwa Kiswahili, ambacho vitabu vyake ni haba madukani kwetu, vitabu vya Kenya vya 8-4-4, mfumo wake wa zamani wa elimu uliokuwa na miaka minane ya msingi, vinafaa sana. Mtihani wa KCPE, uliohitimisha shule ya msingi katika mfumo huo, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, hivyo vitabu vya darasa la nne hadi la nane havitafutwi tena kama zamani, na mwenye jamaa Busia au Malaba anaweza kumwomba amuulizie bei upande wa pili wa mpaka. Aanze na cha darasa la nne hata kama mtoto yuko P.6, kwa kuwa vimeandikwa kwa watoto waliozoea lugha hiyo tangu mwanzo.

Akiwa mbele ya muuzaji, asiridhike na jalada. Afungue ukurasa wa haki ya kunakili aone mwaka wa toleo, ambao si lazima uwe sawa na mwaka wa kuchapwa upya. Apekue katikati, ambako karatasi hunyofoka kwanza. Kisha aangalie nyuma, kwani kurasa za majibu huwa zimechanwa. Majibu yaliyojazwa kwa penseli yanafutika, ya kalamu hayafutiki, na kitabu cha mazoezi kilichojazwa kwa kalamu hakistahili hata nusu ya bei. Chenye njia za udongo za mchwa kisiingizwe nyumbani.

Iwapo fedha zinatosha kitu kimoja tu kipya, kiwe mwongozo wa mwalimu wa Hisabati, kwa sababu mzazi ndiye mwalimu. Hadithi za bure katika Luganda, Kiswahili na lugha nyingine zinapatikana kwenye tovuti ya African Storybook, lakini gharama ya kuchapa ikadiriwe kwanza, maana rangi hupandisha bei haraka na nyeusi na nyeupe humtosha mtoto anayejifunza kusoma.