Somo: Dijeridu ya bomba la plastiki, na jinsi ya kupiga bila pumzi kukatika

Tangu niweke humu kundini rekodi yangu nikipiga dijeridu dakika tatu mfululizo bila mlio kukatika, kuna waliosema nimeunga vipande kwenye kompyuta. Sikuunga. Mzee yeyote wa nzumari, awe wa Lamu au Unguja, angewatoa wasiwasi, maana jambo hilohilo analifanya harusini usiku kucha: mashavu yamemvimba kama kaficha maembe mawili, anavuta hewa kwa pua na mlio haukatiki. Mimi mbinu hiyo niliiona kwa nzumari kwanza. Dijeridu imekuja baadaye.

Chombo chenyewe, bomba refu la mbao linalopulizwa, kina wenyewe. Ni cha wenyeji asilia wa kaskazini mwa Australia, hasa Arnhem Land. Hata hili jina "dijeridu" si lao, ni wageni walioigiza mlio waliousikia. Wayolngu wa kaskazini-mashariki huiita yidaki. Upande wa magharibi kuna aina yao iitwayo mago. Mti hawautoboi. Wanazunguka porini wakigonga mikaratusi iliyo hai, wakisikiliza upi umeliwa kiini na mchwa. Kwa hiyo fundi anachagua kwa sikio kabla ya kushika shoka, na Djalu Gurruwiwi, Myolngu aliyefariki mwaka 2022, alijulikana mbali sana kwa sikio hilo. Sisi tutatumia bomba. Ni la kujifunzia tu, tusilipake michoro ya watu tukaliita yidaki.

Hatua ya 1: Bomba
Nenda duka la vifaa vya ujenzi, omba bomba la plastiki la inchi moja na nusu. Kata mita 1.3. Urefu huo hutoa sauti ya chini kabisa, karibu mitetemo 65 kwa sekunde. Ukifupisha, sauti inapanda. Usikate chini ya mita 1.1 kwa sasa, bomba fupi linadai midomo iliyokwisha kukomaa. Piga msasa kingo zote mbili, kisha lioshe kwa sabuni. Vumbi la plastiki si la kuvuta kifuani.

Hatua ya 2: Nta
Tafuta nta halisi ya nyuki. Mshumaa hapana, unakatikakatika na kuchubua midomo. Iloweke kwenye maji ya moto hadi ilainike kama unga wa chapati uliokandwa, isokote iwe kamba nene kama kidole cha mwisho, kisha ibandike kuzunguka mdomo wa bomba. Tundu libaki na upana wa milimita 30 hivi. Usiweke nta kwenye sufuria juu ya moto mtupu, inashika moto. Kule Arnhem Land wanatumia nta ya nyuki wadogo wasiouma. Nyuki wa jamii hiyo na sisi tunao, ukipata nta yao una bahati.

Hatua ya 3: Midomo
Hapa ndipo wengi wanapuliza mpaka kizunguzungu. Usipulize kwa nguvu. Legeza midomo, itoe mlio wa "pruuu" kama punda aliyechoka, kisha ipeleke taratibu kwenye nta bila kuikandamiza. Ikitoka sauti ya tarumbeta, umebana mno. Ikitoka hewa tupu, umelegeza mno. Mngurumo wenyewe uko katikati, na ukiupata utauhisi kwenye meno.

Hatua ya 4: Pumzi ya mzunguko
Ndiyo ile ya mzee wa nzumari: pua inavuta hewa huku mashavu yakisukuma nyingine nje. Usianze na bomba, anza na maji. Jaza mdomo maji, vimbisha mashavu, simama mbele ya sinki. Yatoe kwa mkondo mwembamba kwa kubana mashavu na kusukuma ulimi, na maji yakiwa bado yanatoka, vuta hewa kwa pua, fupi, kama mtu anayenusa pilau. Utajimwagia kifuani. Rudia. Siku moja utagundua pua na mdomo havigombani tena.

Kisha chukua glasi ya maji na mrija. Toa mapovu, na unapovuta hewa kwa pua mapovu yasikome. Mimi hili lilinichukua wiki mbili, na mke wangu alikuwa ameshachoka kabisa na ile glasi.

Ukirudi kwenye bomba, sauti itakwama kwama kama pikipiki inayoishiwa mafuta. Usihangaike kuificha! Hilo ndilo nililochelewa kulielewa. Wapigaji wa Arnhem Land hawafichi pale wanapovuta hewa, wanapageuza kuwa pigo la ngoma. Unapobana mashavu, tamka "wa" ndani ya bomba, kisha rudi kwenye mngurumo: *duuu-wa, duuu-wa*. Pumzi yako ndiyo mdundo. Ulimi, na sauti za koo za kuigiza wanyama na ndege, utaviongeza baadaye.

Matunzo
Bomba halina makuu: lioshe, likaushe likiwa limesimama, kila mtu apige lake. Lakini usiliache ndani ya gari. Mimi niliacha langu saa saba mchana, nta ikatiririka yote kwenye kiti, na gari likanuka asali mwezi mzima.

La mbao linataka uangalizi. Adui yake ni kubadilika kwa unyevu na joto: lisikae juani wala karibu na feni au kiyoyozi. Ukimaliza kupiga, lipunge hewa likauke kabla ya kulifunika. Mlio ukififia ghafla, tafuta ufa: ziba mwisho mmoja kwa kiganja, vuta hewa kwa mdomo upande wa pili. Isiposhika, hewa inapenya mahali. Ufa mdogo unazibwa kwa gundi ya mbao.

Maswali ya wanachama

*Kaka, ni kweli inatibu kukoroma?*
Mwaka 2006 watafiti wa Uswisi waliwafuata watu 25 waliokoroma na kukatika pumzi usingizini. Waliofanya mazoezi ya dijeridu kwa miezi minne walipungukiwa na usingizi wa mchana, na wenzi wao wakalala vizuri zaidi. Ni utafiti mdogo. Ukikatika pumzi usiku, muone daktari kwanza.

*Mimi ni mwanamke. Nimeambiwa ni mwiko.*
Katika sherehe za kule, wapigaji ni wanaume. Nje ya sherehe mambo hutofautiana kati ya jamii na jamii, na wako wenyeji wanaolichukulia kwa uzito: mwaka 2008 mchapishaji mmoja wa Australia aliomba radhi kwa kitabu kilichowafundisha wasichana kupiga. Kwa bomba la plastiki nyumbani kwako uamuzi ni wako, dada. Ukifika Arnhem Land, uliza kabla ya kugusa.

*Midomo inawasha na kufa ganzi baada ya dakika tano.*
Unakandamiza. Pumzika, kesho piga dakika tatu tu.

*Nakaa nyumba ya kupanga, na mama mwenye nyumba amekuja mara mbili.*
Elekeza mwisho wa bomba kwenye kona ya kitanda, juu ya blanketi. Saa za usiku, rudi kwenye mrija na glasi.