SOMO: Kugeuza jumba la zamani kuwa ofisi za chuo (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, nimechoka kujibu jambo hilohilo. Naliandika mara moja.

1. Anzia Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ipo tangu 1964. Jengo likiwa limehifadhiwa, huligusi bila kibali.

2. Piga picha kila chumba.

3. Paa kwanza, kabla ya mvua za Desemba.

4. Lipu. Hapa ndipo nilipoharibu. Kuta za mawe na chokaa zinapumua. Mimi, hapahapa Dodoma, niliipiga masjala saruji tupu, ikanyooka, mkuu wa chuo akanipongeza. Mvua zilipoisha, ukuta ulitoa chumvi nyeupe hadi usawa wa goti, ukiugonga unalia kama ngoma, na mafaili ya chini yananuka ukungu. Unyevu hupanda kutoka ardhini. Saruji inauziba usitoke. Kuibandua kwa tindo kuling'oa na mawe yenyewe. Tumia chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga uoshwe. Upepo wetu unakausha upesi na lipu inapasuka, kwa hiyo tundika magunia mabichi, nyunyiza asubuhi na jioni, wiki nzima. TAHADHARI: ukizima chokaa mwenyewe (yaani kuichanganya chokaa mbichi na maji), mimina chokaa kwenye maji, kamwe si maji kwenye chokaa. Inachemka na kuruka. Vaa miwani.

5. Umeme: usichimbe kuta, pitisha nyaya kwa nje kwenye trankingi (mifereji ya plastiki ya kufunika nyaya).

6. Milango ya mninga usitupe. Kwangua rangi, badilisha bawaba.

MASWALI

– Mkuu, nikichanganya saruji kidogo tu?
Namba 4.

– Jumla shilingi ngapi?
Jumba lako nimeliona wapi?

– Lakini mbona nyumba yangu ni saruji tupu na haina shida?
Ya tofali za bloku, ya juzi. Hapa tunazungumzia mawe.

– Samahani mkuu, nitajuaje lipu iliyopo ni chokaa au saruji?
Swali zuri. Nenda nyuma ya mlango, kwangua kwa msumari. Chokaa inatoa unga mweupe kirahisi. Saruji ni ya kijivu na msumari unateleza. Jaribu vyumba kadhaa, maana waliotutangulia walikuwa wanaziba viraka. Fundi wa chokaa akikosekana, ulizia waliofanya kazi Bagamoyo au Zanzibar.

– Sisi Mpwapwa shida ilikuwa mchwa. Walipandia kwenye maboksi ya mitihani yaliyoegemezwa ukutani. Sasa rafu zote zimekaa kiganja kimoja mbali na ukuta, fundi usafi anapitisha ufagio nyuma, vichuguu anaviona mapema.
Hiyo sikuwa nayo, mkuu. Miguu ya rafu ni chuma au mbao?

– Chuma. Za mbao walishazila.